Picha ya Nairobi Yote, Kasoro Sisi

Mwaka jana nilipata kibarua cha kuandika maelezo ya picha. Kampuni, jina tuliache, ilikuwa inatengeneza kalenda, na picha yake kubwa ilikuwa panorama ya Nairobi iliyopigwa kutoka juu ya KICC, ndefu kama leso. Mpiga picha alikuwa amezunguka duara zima. Nilipotumiwa ile ya kwanza nilitafuta nyumbani kabla ya kitu kingine chochote, si kila mtu hufanya hivyo? Nikaipata Huruma: kamstari ka kijivu nyuma ya Eastleigh. Nikafurahi kama mtoto. Picha iliporudi kutoka kwa wahariri, upande ule ulikuwa umekatwa. Eti una vumbi. Chini yake ikabaki sentensi yangu mwenyewe: Nairobi yote kwa mtazamo mmoja.

Nililipwa, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Neno panorama lilizuka Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kwa ajili ya michoro ya duara ya Robert Barker, aliyechora Edinburgh mzunguko mzima. Kwa Kigiriki maana yake ni kuona yote. Yote, jamani. Ukikata robo ya mji, tafuta jina lingine.

Na si kalenda hiyo peke yake. Mnazijua picha zetu: twiga mbele, majengo nyuma, kutoka Mbuga ya Taifa. Upper Hill jioni, Britam na mita zake 200 ikimeremeta. Expressway usiku. Mgeni akipewa hizo tu ataamini Nairobi inakaliwa na twiga na benki.

Mtaniambia ni urembo tu, na mpiga picha naye anakula. Sawa. Lakini angalia anasimama wapi. KICC ina ghorofa 28, iko pale tangu 1973, na kupanda juu ni kulipa. Hii tabia haikuanza na sisi. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipiga San Francisco kwa vibao 13 vya kioo, mzunguko mzima. Alisimama juu ya jumba la Mark Hopkins, tajiri wa reli, kule kilimani. Ile kazi ni noma, sikatai. Nimemaliza bando nikiivuta karibu, dirisha kwa dirisha. Lakini barabara zake ni kama tupu. Watu walikuwepo. Ni vile kioo kilihitaji muda kushika mwanga, na aliyekuwa anatembea hakushikwa. Nyumba zikabaki, wenye miguu wakafutika.

Hata hivyo Muybridge alifunga duara lake. Hakutoa upande wenye vumbi.

Sisi tuna simu inayounga vipande yenyewe. Ukigeuka nayo polepole, matatu inayopita inatokea nusu, au ndefu kama treni, na sote tunacheka kwa sababu ni mashine imekosea. Huruma kutoka kwenye kalenda haikutolewa na mashine. Kuna mtu alikaa kwa kiti, akashika kipanya, akachagua.

Na tusidanganyane kwamba vumbi halipigiki. Aprili 2016, ghorofa lilipoporomoka Huruma usiku wa mvua na kuua watu wasiopungua 50, kamera zilijaa mtaani. Vumbi lilionekana vizuri sana wiki hiyo.

Pia msinipoze na ile nyingine: droni juu ya Kibera, mabati upande huu, nyasi za gofu upande ule. Johnny Miller alizipiga hizo, zimezunguka dunia, na ni za kweli. Ila hata humo sisi ni rangi ya paa. Tunaonekana tukitazamwa kutoka angani, hatuonekani tukitazama.

Ninachotaka ni kamera ihame. Panda paa la ploti yetu saa kumi na mbili jioni. Mashariki kuna moshi wa jalala la Dandora. Chini yako bonde la Mathare na taa zinaanza kuwaka moja moja. Ukigeukia kusini ni Eastleigh, na ndege za kambi ya jeshi zikishuka karibu kugusa antena. Halafu kule jua linakoelekea kuzama, KICC, ndogo kama kiberiti. Juu ya paa penyewe kuna tangi la maji linalovuja tangu nikiwa darasa la sita, vijana wawili wanaofuga njiwa, na mathe anayelalamika kuhusu hao njiwa. Zunguka duara lote na usikate kitu.

Ufunguo wa mlango wa paa uko kwa mama wa duka, chini. Mwambie umetumwa na yule aliyeacha chuo, atakujua. Na ukifika juu usisogeze kamba za nguo ili upate picha safi. Watu wamefua.