Beni na Butembo: fishi za Ebola za mwaka 2018 zitafunguka kesho?

Tarehe 7 mwezi wa pili 2021, wizara ya afya ilitangaza kwamba Ebola imerudi upande wa Butembo. Ule mlipuko mkubwa uliotangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, uliouwa watu 2287, ulikuwa umemalizika miezi saba tu mbele ya hapo. Vipimo vya INRB vilionyesha kwamba virusi havikutoka porini upya: vilikuwa vya ukoo uleule. Mwezi wa kumi ikawa zamu ya Beni, na jibu la maabara likawa lilelile.

Basi fishi za zamani zikapata kazi tena. Nani alipona? Nani alichanjwa, na lini? Nani alimgusa mgonjwa? Sehemu ya majibu hayo iliingizwa katika simu na tableti, kwa programu kama Go.Data ya OMS. Lakini programu hazikai vile zilivyo.

Tuchukue swali la chanjo. Mwaka 2018 huku kwetu kulikuwa chanjo moja, ile ya Merck, ya dozi moja. Kuandika "ndiyo" kulitosha. Mwezi wa kumi na moja 2019, chanjo ya pili, ya Johnson & Johnson, ikaanza kutolewa Goma: dozi mbili, zinazoachana siku 56. Tangu hapo fishi inapaswa kuuliza: chanjo gani, dozi ya ngapi? Programu mpya ikifungua faili ya 2018, itaandika nini pale? Ikijaza "hapana", imesema uongo juu ya mtu aliyechanjwa, na hakuna atakayejua.

Dawa yake ni ndogo. Tangu siku ya kwanza, kila faili inayohifadhiwa ibebe namba ya toleo kichwani. Fishi ikibadilika, namba inapanda. Programu inasoma namba kwanza. Ikikuta 1, inaipeleka kwa 2, kisha 3, na faili ya asili haifutwi mpaka mpya ihakikishwe. Jibu lisilokuwepo liandikwe "haijulikani". Na simu yenye programu ya zamani ikipokea faili mpya kuliko yenyewe, ikatae kuifungua, isije ikaiharibu. Hilo linatuhusu zaidi kuliko watu wa Kinshasa: muhudumu wa Mangina au Biena anaweza kukaa wiki nyingi bila mtandao wa kupakua toleo ambalo mwenzake wa mjini tayari analo.

Data zikipotea, tumezoea kumlaumu huyo muhudumu. Sisi tunaona kosa liko kwa aliyetengeneza programu, na kwa aliyeilipia bila kuuliza. Vijana wetu wanaotengeneza programu za COOPEC na za madepo ya kakao nao wajitazame.

Mganga mkuu wa zoni, kabla ya kusaini kupokea programu mpya, aombe jaribio moja: faili ya toleo la kwanza kabisa iletwe, ifunguliwe mbele yake.