Rubavu: Hati ni yako, lakini ramani je?

UKIFIKA Petite Barrière, mpaka wa watembea kwa miguu kati ya Gisenyi ya Rwanda na Goma ya Kongo, utakuta akina mama wamejitwisha mabeseni ya nyanya, vitunguu na sambaza, dagaa wa Ziwa Kivu. Utawakuta pia walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo. Nimepita pale mara kadhaa, na kila mara biashara ilikuwa ikizungumzwa kwa Kiswahili.

Lakini leo sizungumzii foleni ya mpakani. Nazungumzia ramani, kwa sababu nionavyo mimi, ramani ndiyo itakayoamua nani ataendelea kupanga foleni pale na nani atasukumwa mbali.

Gisenyi ndio mji wa wilaya ya Rubavu. Mwaka 2013 serikali ya Rwanda iliiweka Rubavu katika miji sita ya kuipunguzia Kigali mzigo. Mwaka 2020 ukapitishwa mpango wa taifa wa matumizi ya ardhi unaofika mwaka 2050, ambao unatenga karibu nusu ya nchi kwa kilimo. Tangu hapo wilaya zimetakiwa kuoanisha mipango yao na huo. Baraza la wilaya linapanga, lakini juu yake kuna jicho la Mamlaka ya Taifa ya Ardhi. Penye alama ya shamba hapajengwi nyumba, hata diwani akipenda vipi.

Wapo wanaolalamika kwamba huo ni ubabe wa Kigali. Mimi siungani nao. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 403,000 Rubavu. Ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 546,000. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka upande wa Kongo, matetemeko yalifuata, moja likizidi kipimo cha 5, na nyufa zikapita katikati ya Gisenyi, majumbani na barabarani. Mei 2023 Mto Sebeya ukafurika usiku, katika mvua zilizoua zaidi ya watu 130 nchini humo. Maji ya Sebeya hukusanyika pia kutoka Rutsiro, Ngororero na Nyabihu. Wilaya moja haiwezi kuyazuia peke yake.

Kwa hiyo usimamizi wa juu unahitajika. Tatizo langu ni jingine: ramani inapobadilika, nani anasikilizwa?

Tukumbuke historia. Itifaki ya Arusha ya mwaka 1993 kuhusu kurejea kwa wakimbizi ilipendekeza kwamba aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai mali iliyokwishashikwa na mtu mwingine. Mwaka 1994 wakarudi wakimbizi wa zamani. Novemba 1996, kwa siku chache tu, mamia ya maelfu wakamiminika kutoka kambi za Goma kupitia Gisenyi hiyo hiyo. Wengine walikuta nyumba zao zina watu. Mgogoro wa wakati ule ulikuwa mmoja: ardhi hii ni ya nani?

Swali hilo lilijibiwa kwa kiasi kikubwa na zoezi la kusajili ardhi nchi nzima, lililoanza mwaka 2009 na kufikia viwanja zaidi ya milioni 10. Leo aliyerudi ana hati yenye namba ya kiwanja na jina lake. Lakini hati hiyo hiyo inaandika pia matumizi ya ardhi. Umiliki umelindwa, ila thamani imebaki mikononi mwa mchora ramani. Kiwanja cha makazi kikigeuzwa shamba au eneo la hatari, jina lako halifutiki, lakini mnunuzi hutampata.

Na hapo kuna jambo linalonikera. Sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 2015 iliweka fidia ilipwe ndani ya siku 120, pamoja na asilimia 5 ya usumbufu. Anayehamishwa kupisha barabara anajua adai nini. Anayehamishwa kwa sababu ya amanegeka, kama Wanyarwanda waitavyo maeneo ya hatari, mara nyingi huambiwa kwamba anaokolewa. Kuokolewa ni jambo jema, lakini hakujengi nyumba nyingine.

Mchuuzi wa mpakani ana hali ngumu zaidi. Yeye hana hati, ana kodi ya chumba na meza ya sokoni. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa ajili ya corona. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, makombora yalivuka na kuua watu Rubavu. Mara zote mbili alisubiri na kurudi, kwa sababu ghala na chumba chake vilikuwa karibu. Lango likifungwa hufunguliwa. Ghala likihamishiwa kilomita kadhaa kwa amri ya ramani, faida ya beseni moja la nyanya inaishia kwenye nauli ya pikipiki.

Ushauri wangu kwa anayerudi ni huu: kabla ya kulipia kiwanja, usiridhike na hati ya muuzaji. Chukua namba ya kiwanja, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya, uliza mpango unasema nini juu yake. Kwa wafanyabiashara: vyama vyenu vya ushirika viombe nafasi kwenye vikao vya mpango mapema. Ramani ikishapitishwa, mtaishia kuomba huruma.

Na kwa wanaosimamia kutoka juu: mkihakiki mpango wa Rubavu, msihesabu mashamba na barabara tu. Hesabuni na yule mama mwenye beseni. Kwenye ramani yenu hana kiwanja, lakini mji ule unakula kwa miguu yake.