Munaweka nini ndani ya macho yetu?

Vijana wenzetu, kaka na dada wa Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, na ninyi wote munaotusoma kwenye telefone,

Leo hatuongelee barabara, hatuongelee maji. Tunaongelea mafuta. Si mawese, si ya kutia ndani ya moto. Ni mafuta ya silikoni, ile munganga anatiaka ndani ya jicho la mutu wakati retina yake imebanduka. Tunajua kuna wenye watacheka: "Hawa vijana sasa wamekuwa wanganga wa macho?" Hapana. Sisi ni watoto wa wale wanaolipa.

Iko mama mmoja wa kartye yetu, anauzaka unga. Jicho moja lilikufa zamani. La pili likaanza kuona vimulimuli, kisha kivuli kikashuka kama pazia. Familia ikachanga, mashini ya kushona ikauzwa, mama akavuka mpaka kwenda kupasuliwa. Akarudi na karatasi moja. Imeandikwa: operesheni ya retina, mafuta ya silikoni. Basi. Mafuta ya kampuni gani, mazito namna gani, loti gani, yatolewe lini: hakuna hata neno moja. Miezi saba nyuma, jicho likawa jekundu na presha ya jicho ikapanda. Munganga wa hapa akamuuliza: "Mama, walikuwekea nini?" Akajibu: "Mafuta." Wewe ungejibu nini zaidi?

Hatuseme kama ile lopitali ilifanya vibaya. Pengine kazi yao ilikuwa safi kabisa. Tunasema kama leo hakuna mutu anaweza kujua, na hiyo ndiyo hasira yetu.

Tuelewane kwanza, juu ya zile odio zinazotembea kwenye WhatsApp: "Musikubali silikoni, ni sumu." Ule anayetuma hizo odio anapofusha watu. Retina iliyobanduka, ukiiacha, jicho linakufa. Dawa ya matone haiirudishe, maombi peke yake pia haitoshi. Munganga anaondoa ute wa ndani, anairudisha retina pahali pake, kisha anatia kitu cha kuishikilia: gesi ama mafuta. Paul Cibis alionyesha kazi ya silikoni huko Marekani mwaka 1962, na mwaka 1994 serikali ya inchi ile ikaruhusu mafuta hayo rasmi kwa jicho. Si mambo ya wachawi.

Na kwetu sisi yako na faida kubwa kuliko kwa mutu wa Paris. Gesi inavimba ukipanda mulima ama ndege, presha ndani ya jicho inaweza kuua ule mushipa wa kuonea. Sasa angalia ramani: mutu amepasuliwa Kampala, mita kama 1,200 juu ya bahari, na kurudi nyumbani ni milima juu ya milima. Mafuta hayavimbe. Tena ndiyo wanganga wanategemea wakati jicho limeharibika sana, kama lile lililoingia kipande cha bomu. Hapa kwetu, hatuna haja ya kueleza hiyo.

Kwa hiyo hatupinge mafuta. Tunapinga mafuta yasiyo na jina.

Dada, ile serumu ya nywele unayonunua soko la Virunga ama Kadutu, soma nyuma ya chupa: utakuta neno dimetikoni. Ni jamaa moja na mafuta ya jicho! Tofauti iko ndani ya usafi. Silikoni ni minyororo, mirefu na mifupi. Ile mifupi, pamoja na mabaki ya kiwanda, inapaswa kuondolewa kabla mafuta yaingie jichoni, na kuondoa kunagharimu franga. Isipoondolewa, inaweza kuleta uvimbe, na inasaidia mafuta kuvunjika kuwa vitone vidogo sana, kama vile unatikisa chupa ya mafuta na maji. Vitone vile vinaingia pale maji ya jicho yanatokea, vinaziba, presha inapanda. Kioo cha mbele kinaweza kuwa cheupe. Hata mafuta safi yanavunjika yakikaa sana, ndiyo maana kwa kawaida yanatolewa kisha miezi 3 mpaka 6. Yako mepesi ya 1,000 na mazito ya 5,000. Mepesi yanavunjika mbio zaidi. Wataalamu waliopima mafuta ya kampuni mbalimbali walikuta hayafanani usafi, hata kama kwenye karatoni yote yameandikwa "purifié".

Sasa mutu wa ofisi atatuambia: "Mafuta yote yanaingia na karatasi." Karatasi! Mwaka 2015, huko Hispania, watu zaidi ya mia moja waliharibika macho kisha kupasuliwa retina. Si silikoni, ilikuwa ndugu yake: perfluoroktani, maji mazito ambayo munganga anatumia wakati wa operesheni na kuyatoa. Jina lake Ala Octa, ilitoka Ujerumani, iko na alama ya CE, karatasi zote sawa. Lakini ndani mulikuwa uchafu wenye kuua retina, na vipimo vya wakati ule havikuukamata. Waliougundua ni wanganga waliofuata namba za loti mpaka wakajua ni chupa zipi. Kisha kanuni ya kimataifa ya kupima hizi bidhaa, ISO 16672, ikaandikwa upya mwaka 2020.

Soma tena pale: walifuata namba za loti. Mama yetu hana namba. Kama chupa yake ilikuwa mbaya, itaendelea kutiwa kwa mutu mwingine, na mwingine.

Na musiseme hiyo ni mambo ya wazungu. Ituri, mwisho wa 2014 mpaka 2015: watu karibu elfu moja walifika lopitali shingo imekazwa, ulimi umetoka, uso umegeuka. Wengi wakafikiri ni meninjite. Kumbe ni vidonge! Kwenye kopo imeandikwa diazepam, ndani ni haloperidol. Watu walimeza hiyo hapa kwetu, si Hispania. Kama kidonge cha kila siku kinaweza kutudanganya hivyo, nani anahakikisha chupa ndogo ya mafuta inayopita mpaka ndani ya sakoshi?

Tunajua jibu lingine: "Mukiuliza sana, hata hayo machache mutayakosa." Tunaheshimu wanganga wa retina, ni wachache na wengi wanatumia kile depo imewaletea. Lakini etikete ya loti haiombi maabara. Kwa bidhaa ya kweli, iko tayari ndani ya karatoni. Kazi ni kuibandika kwenye kitabu cha mugonjwa. Ulaya, sheria iliyoanza kutumika Mei 2021 inadai mugonjwa apewe kadi ya kile kimeachwa mwilini mwake. Sisi mwili wetu ni wa namna gani?

Basi tunadai. ACOREP, ambayo tangu 2020 ndiyo yenye mamlaka juu ya bidhaa za afya, itangaze hadharani mafuta gani ya jicho yameruhusiwa kuingia Kongo, na ni depo gani zinayauza. OCC isiangalie fatire tu. Lopitali ziandike jina, uzito, loti na tarehe ya kutoa, kwa kila jicho. Na chupa moja, mugonjwa mumoja: jicho linachukua mililita 4 ama 5, chupa nyingi ziko na 10, kishawishi cha kugawa tunakielewa, hatukikubali. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema haki ya afya inahakikishwa. Tunataka kuona hiyo hakika kwenye karatasi ya ule mama.

Tukingoja wakubwa, wewe anza na nyumba yako. Mwenye mzazi anayeenda kupasuliwa, omba etikete kabla hamujalipa mwisho, ipige picha, itume kwa watu wawili wa familia. Na kama kuna mutu kwenu alishatiwa mafuta, muulize leo tarehe ya operesheni. Ikiwa imepita miezi sita na hajarudi, mupeleke apimwe presha ya jicho wiki hii, hata kama anasema hasikii maumivu.