Sarafu ya dhahabu iliyofichwa kabatini si pambo, ina zaka



Ndugu wazazi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu (s.w.) na kumtakia rehema Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililoingia majumbani mwetu kimya kimya. Ni hizi sarafu za zamani za dhahabu kutoka Marekani. Kijana aliye ng'ambo anamletea baba yake moja, mfanyabiashara ananunua mbili kwa simu, na hapa Arua na kule Koboko nimeulizwa zaidi ya mara moja: "Ustadhi, hizi nazo zina zaka?" Mara nyingi muulizaji amekwisha kujijibu mwenyewe. Amesikia kwamba hii si dhahabu ya kawaida, ni turathi, ni kitu cha kutazama tu, kwa hiyo haimo katika hesabu.

Nasema wazi, maneno hayo ni batili, na anayewaambia watu hivyo ili auze anawapeleka pabaya.

Tuijue kwanza sarafu yenyewe. Ile kubwa ya dola 20, ambayo Wamarekani huiita Double Eagle, ilitengenezwa kwa matumizi ya sokoni tangu 1850 hadi 1933. Ina uzito wa gramu 33.4. Sehemu tisa katika kumi ni dhahabu na ya kumi karibu yote ni shaba, kwa hiyo dhahabu safi iliyomo ni gramu 30 na kidogo. Nisabu ya dhahabu ni dinari 20, sawa na gramu 85. Sasa piga hesabu. Sarafu tatu tu, zikitimiza mwaka wa Kiislamu mkononi mwako, zimekwisha kuvuka nisabu. Zaka yake ni gramu mbili na robo hivi za dhahabu, au thamani yake. Tatu tu! Nazo huenea ndani ya kiganja cha mtoto wa darasa la kwanza.

Sasa hiyo "rangi ya asili" inayowapandisha watu wazimu ni nini? Dhahabu safi haishiki kutu. Ni ile shaba iliyochanganywa ndani ambayo kwa miaka mingi hubadilika na kuacha utando mwekundu au wa hudhurungi juu ya sarafu. Wakusanyaji wanautaka utando huo usiguswe kabisa. Mama yeyote wa hapa kwetu akiiona sarafu ya namna hiyo ataisugua kwa ndimu na majivu ing'ae, na mwenyewe atalia, maana bei yake imeanguka. Huko Marekani yako makampuni, kama PCGS iliyoanza 1986, yanayoikagua sarafu, kuipa alama kati ya 1 na 70, kisha kuifungia ndani ya plastiki. Mtu akitaka kulipia rangi, ni mali yake. Sijasema ni haramu. Lakini plastiki haiigeuzi dhahabu kuwa picha ya ukutani.

Wengine wananijia na hoja ya madhehebu. Wanasema sisi Mashafii hatutoi zaka ya mapambo ya mwanamke. Kweli, kwa pambo la halali analolivaa, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni hiyo, na Mahanafi wamekwenda njia nyingine. Lakini ndugu yangu, sarafu iliyofungiwa kisandukuni inavaliwa shingoni na nani? Hiyo ni naqdi iliyowekwa akiba, na dhahabu ya namna hiyo wanazuoni wa madhehebu yote manne wameiwekea zaka. Na kama umeinunua kwa nia ya kuiuza upate faida, basi ithamini kwa bei ya soko siku ya kutoa zaka, pamoja na hiyo rangi yake unayoisifia. Huwezi kuisifu rangi mbele ya mnunuzi halafu ukaisahau mbele ya maskini.

Liko na jambo la pili, zito zaidi. Sisi wa West Nile hatufundishwi dhahabu ni nini. Dhahabu ya Ituri imepita njia hizi miaka mingi, na wazee wanaikumbuka kashfa ya dhahabu ya 1966, Daudi Ochieng aliposimama bungeni na kulitaja jina la Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko. Kwa hiyo haishangazi kwamba sasa mtu anaambiwa, "Leta bangili zako za gramu 40, nikupe sarafu moja ya kale, kwa kuwa ina rangi yake ya asili." HIYO NI RIBA. Mtume (s.a.w.) ameamuru dhahabu kwa dhahabu iwe sawa kwa sawa, mkono kwa mkono. Na Fadhala bin Ubayd (r.a.) siku ya Khaybar alinunua mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari 12, akautenganisha, akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari 12. Mtume akakataza usiuzwe mpaka utenganishwe. Ubora, ukale, rangi, vyote havina nafasi kwenye mizani hiyo. Anayeitaka sarafu auze bangili kwa shilingi, azipokee, kisha anunue kwa shilingi. Naye anayelipa leo kwa simu na sarafu ikakaa wiki tatu njiani, huo mkono kwa mkono uko wapi?

Naijua hofu ya watu. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha fedha, ikafuta sufuri mbili na kukata asilimia 30 juu yake. Na waliovuka kwenda Kongo na Sudan mwaka 1979 na 1980 wanajua ni mali ya aina gani inayobebeka. Kuweka dhahabu kwa hofu hiyo si kosa. Kosa ni kuiweka na kuikatalia haki yake, na Qur'ani katika Surat At-Tawba, aya ya 34 na ya 35, imekwisha kueleza hiyo dhahabu itafanywa nini Siku ya Kiyama.

Kama mnataka mfano wa mkusanyaji, mtazameni Mfalme Farouk wa Misri. Alikusanya maelfu ya sarafu na nishani. Akapinduliwa Julai 1952, na mwaka 1954 hazina yake ikanadiwa Cairo mbele ya wageni. Ile Double Eagle ya 1933 inayoaminika kuwa ilikuwa yake iliuzwa New York mwaka 2002 kwa zaidi ya dola milioni 7.5, na tena mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 19. Yeye alikwisha kufa Roma tangu 1965. Na Kilwa alikuwako Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliyepiga sarafu za dhahabu kwa jina lake. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 alilosimulia kwa urefu ni vile sultani huyo alivyovua nguo zake akampa fakiri aliyemwomba njiani.

Mwisho, mirathi. Ninyi mlio nazo, wake zenu wanajua? Mtu akifa ghafla, watoto watazigawa kwa idadi, dada apewe moja na kaka apewe mbili, kumbe hiyo moja ndiyo yenye bei ya zote, au ndiyo ya bandia, maana za bandia ni nyingi. Hapo rangi na ukale vinahesabiwa, kwa kuwa kinachogawiwa ni thamani. Ziuzwe kwanza kwa shilingi, ndipo mjane apate thumni yake na watoto mafungu yao. Andikeni: ngapi, za mwaka gani, zimewekwa wapi, zilinunuliwa lini.

Hiyo tarehe ya kununua ndiyo inayoanza kuhesabu mwaka wa zaka. Aliyezifikisha tatu miaka mitano iliyopita na hajatoa kitu, zaka ya miaka hiyo mitano ni deni juu yake, na deni hilo hulipwa kabla warithi hawajagusa chochote.

Wabillahi tawfiq.