Mtoto alisema, wazazi wakaandika: Somo kutoka daftari la kanisa la Salem

Mzazi anayetafuta cheti cha ubatizo cha mwanawe huishia mlango mmoja: ofisi ya parokia au usharika. Karani hutoa daftari kubwa lenye jalada gumu, kisha kidole kinashuka mstari kwa mstari mpaka jina lipatikane. Wengi hudhani daftari hilo ni la majina na tarehe tu. Lakini yapo madaftari ya kanisa yaliyobeba mambo mazito zaidi: ugomvi wa majirani, aibu ya ukoo, na siku ambayo mtu alisimama mbele ya watu akakiri kosa.

Mojawapo ni la kanisa la kijiji cha Salem, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kijiji hicho leo kinaitwa Danvers, na kanisa lenyewe lipo mpaka sasa. Ni la Wakongregesheno, Wakristo ambao kila kanisa lao la mahali hujitawala bila askofu. Waumini wenyewe hukutana, hupiga kura, hupokea wapya na kuwatenga waliokosa. Kwa kuwa uamuzi ni wao, sharti uandikwe. Kanisa hilo liliundwa Novemba 1689, na mchungaji wake, Samuel Parris, ndiye aliyeanza kuandika daftari.

Mwanzoni mwa 1692, binti wa mchungaji huyo mwenye miaka 9 na mpwa wake wa miaka 11 walianza kupiga mayowe na kujikunja kama wanaoumizwa na mtu asiyeonekana. Ikasemwa wamerogwa. Jirani mmoja, Mary Sibley, akaelekeza upikwe mkate wa unga uliochanganywa na mkojo wa watoto hao, apewe mbwa, ili mchawi ajulikane. Parris aliandika habari hiyo daftarini Machi 27: mama huyo aliitwa mbele ya kanisa, akakiri kwa machozi, akasamehewa. Lakini moto ulikuwa umekwisha kuwaka, na tuhuma zikaenea nyumba kwa nyumba.

Katika nyumba moja alikuwamo Ann Putnam, mtoto wa miaka 12. Naye alianza kuanguka na kutaja majina ya watu waliokuwa wakimtesa. Baba yake, Thomas, hakumnyamazisha. Alikwenda kwa mahakimu kufungua mashtaka, na ushahidi mwingi wa kesi zile umeandikwa kwa mkono wake. Mama yake naye akatoa ushahidi wake. Nyumba ambayo ingemwambia mtoto, "Hebu tulia kwanza, tuulizane," iligeuka kuwa ofisi ya kuandika anayosema.

Miongoni mwa waliotajwa ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mama wa watoto 8, mgonjwa na mzito wa kusikia. Majirani 39 walitia sahihi karatasi ya kumtetea. Baraza la wazee wa mahakama kwanza lilimwona hana hatia, kisha likaambiwa lifikiri upya. Aliulizwa maana ya neno fulani alilotamka mahakamani, hakujibu. Baadaye alieleza kuwa hakusikia swali. Ukimya wake ukahesabiwa kuwa hatia.

Julai 3, 1692, Rebecca alipelekwa katika kanisa la mjini Salem, alikokuwa mshirika, akatengwa kwa kura ya waumini. Kwa watu wa wakati ule hilo lilikuwa sawa na kumkabidhi mtu kwa shetani. Julai 19 akanyongwa. Hadi mwaka unakwisha, watu 19 walikuwa wamenyongwa, mzee mmoja amekufa akikandamizwa kwa mawe, na wengine wamefia gerezani.

Watoto na wakwe wa Rebecca walibaki kijijini humo humo. Walikataa kupokea meza ya Bwana mikononi mwa Parris, na miaka michache baadaye mchungaji huyo akaacha kazi. Aliyemfuata, Joseph Green, aliwekwa wakfu mwaka 1698 akiwa bado kijana. Alianza na jambo dogo la viti: mpango mpya wa kukaa ibadani uliwaweka watu wa ukoo wa Nurse karibu na watu wa ukoo wa Putnam. Mtu hawezi kumkwepa milele jirani anayekaa naye benchi moja kila Jumapili.

Kisha ukafika mwaka 1706. Ann Putnam alikuwa na miaka 26. Wazazi wake wote wawili walikufa mwaka 1699, wakipishana kwa takriban wiki mbili tu, akaachiwa wadogo zake awalee. Sasa alitaka kupokewa kuwa mshirika kamili wa kanisa. Green hakumpitisha mlango wa nyuma. Maneno ya kukiri yalitayarishwa, na kwanza yakapelekwa kwa Samuel Nurse, mtoto wa marehemu Rebecca, ili aseme kama yanamridhisha. Akaridhika.

Agosti 25, 1706, Ann alisimama mbele ya kanisa zima huku mchungaji akisoma. Alikiri kwamba utotoni alishiriki kuwashitaki watu ambao sasa anaamini hawakuwa na hatia. Alisema alidanganywa na shetani, wala hakufanya kwa chuki. Alimtaja Rebecca na dada zake wawili, akaomba radhi kwa Mungu na kwa jamaa za wote aliowaletea msiba. Maneno hayo yakaandikwa daftarini, naye akatia sahihi.

Ilibaki kura ile ya kanisa la mjini. Machi 1712, kwa ombi la Samuel, kanisa hilo lilifuta uamuzi wa kumtenga mama yake. Sababu iliandikwa: jambo hilo lisiendelee kuwa aibu kwa kumbukumbu yake na huzuni kwa watoto wake. Miaka 20 ilikuwa imepita. Mume wa Rebecca alikwisha kufa, hakuiona siku hiyo.

Daftari la kanisa la kijiji limetunzwa mpaka leo katika hifadhi ya nyaraka ya mji wa Danvers, na maandishi yake yanasomeka hata kwenye intaneti. Green angeweza kuanza daftari jipya na kulifungia la zamani sandukuni. Hakufanya hivyo. Mkono wa Parris na mkono wa Green viko katika kitabu kimoja, na kosa liko pamoja na toba yake. Ndiyo maana kizazi cha Rebecca kinaweza kuonyesha kwamba aliyemshitaki bibi yao alikiri hadharani kuwa hakuwa na hatia.

Msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa kwa nini habari hii ya mbali inamhusu. Huko vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoivishwa na moshi wa jikoni miaka mingi. Mara nyingi huanza vivyo hivyo: mtoto anaugua, mtu mzima anauliza "nani?" badala ya "nini?", na jina linatajwa. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Salem inaonyesha kwamba linaweza lisiwepo kabisa, na bado likaua.

Mtoto anayeleta neno zito asikilizwe, asipuuzwe, kwa maana wapo wanaoumizwa kweli wakanyamazishwa. Lakini kusikiliza si kumpa majina ya kutaja, wala si kumaliza ugomvi wa mashamba kwa kinywa cha mtoto. Thomas Putnam alikuwa mtu mzima aliyeshika kalamu. Aliyebaki kubeba mzigo mbele ya kanisa, baba akiwa kaburini, ni bintiye.

Na mzazi aliyekosea asidhani kukiri kutamshusha. Akimsingizia mtoto wizi mbele ya wenzake, kisha fedha zikaonekana chini ya godoro, radhi aiombe mbele ya wenzake hao hao, si kwa kunong'ona chumbani. Ndivyo alivyofanya Ann: alikosea hadharani, akatubu hadharani. Maji yakimwagika hayazoleki, na Rebecca hakurudi. Lakini watoto wake waliingia kanisani bila kuinamisha vichwa, na hilo waliliona kwa macho yao.