Samaki Mgeni Asiachwe Ajipiganie

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wetu wa Kiswahili ili nimjibu ndugu yetu mmoja. Katika toleo lililopita aliandika juu ya tangi la vioo lililowekwa katika chumba cha sayansi, akasema kuwa samaki mpya akitiwa humo aachwe ajipiganie mwenyewe: akishinda ataishi, akishindwa basi hakuwa na nguvu. Maneno hayo yalinichoma, maana mimi nami niliyasema zamani, na samaki wangu akafa kwa ajili yake.

Samaki ninaowafuga nyumbani hapa Bujumbura ni wa ziwa letu la Tanganyika. Wataalamu huwaita Tropheus. Ni wa jamii moja na sato na perege, ila ni wadogo, hawazidi sana urefu wa kiganja. Huishi penye miamba karibu na pwani, wakikwaruza mwani ulioota juu ya mawe. Dume hulinda jiwe lake kama mkulima alindavyo shamba lake, na mpaka anaujua yeye na jirani zake.

Nilikuwa nao 14 katika tangi la lita 400. Siku moja nikauziwa dume mmoja mwenye rangi nzuri sana. Nilifungua mfuko, nikammimina pamoja na maji yake, nikavuta kiti kutazama. Hata saa moja haikupita, wenyeji wakawa wanamfukuza kutoka pembe hii hata pembe ile. Hapakuwa na jiwe lisilo na mwenyewe. Siku ya pili alijibanza juu, karibu na uso wa maji, nyuma ya bomba la chujio, mapezi yamechanika. Siku ya tatu asubuhi binti yangu alimkuta amekufa. Akaniuliza, "Baba, si wewe uliyemleta? Mbona hukumsaidia?" Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile naona kuwa kosa si la mgeni, wala si la wenyeji, ambao hufuata tabia waliyozaliwa nayo. Kosa ni la mwenye tangi. Ziwani, samaki akifukuzwa huogelea mbali kidogo, akavuka mpaka, na adui yake akarudi zake. Katika tangi hana pa kwenda. Sisi ndio tuliomfungia pamoja na adui zake, kisha twasema ajipiganie! Ni sawa na kumfunga mtu mikono, kisha kumlaumu kwa kuwa amepigwa.

Mara ya pili nilifanya hivi. Kwanza, nilinunua sita badala ya mmoja, wote wa kimo karibu sawa na wenyeji. Ukali ukigawanyika juu ya wengi, hapana mmoja wa kuubeba wote.

Pili, niliwaweka katika tangi dogo la pembeni kwa wiki nne, nione kama wana ugonjwa. Mgeni naye aweza kuwadhuru wenyeji, na haki ni ya pande zote mbili. Mfuko wao niliuacha ukielea juu ya maji robo saa ili joto lilingane. Nikaufungua, nikaongeza maji ya tangi kikombe kimoja kimoja, kisha nikawatoa kwa kijavu. Maji ya mfuko nikayamwaga nje. Lakini samaki waliosafiri muda mrefu wasicheleweshwe mfukoni ukiisha kufunguliwa. Hewa chafu iliyofungiwa humo hutoka, na hapo amonia iliyotokana na uchafu wao hugeuka kuwa sumu kali zaidi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, siku ya kuwahamisha niliyatoa mawe yote katika tangi kubwa, nikayapanga upya kwa namna nyingine kabisa, yenye mapango mengi. Wenyeji walitafuta mipaka yao wasiione. Kila mmoja akaanza kujitafutia mahali, na mgeni akawa sawa naye. Nikawalisha wenyeji washibe, nikazima taa, nikawatia wageni gizani.

Sitasema kuwa yote yalikuwa amani. Siku ya nne dume mmoja mkubwa alimwandama mgeni mmoja bila huruma. Nilimtoa yule dume, si yule mgeni, nikamtenga upande mmoja kwa wavu muda wa siku tano. Alipofunguliwa alikuta pale alipopashika pamechukuliwa, naye ikambidi aanze upya kama wengine. Wale sita wote wa hai, na huu ni mwaka wa pili.

Ndugu yetu atasema kuwa kuhamisha mawe ni kuwaonea wenyeji, maana wao ndio waliotangulia. Ni kweli husumbuka siku mbili tatu. Lakini pima: upande mmoja usumbufu wa siku tatu, upande wa pili uhai wa kiumbe. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje apigwe.

Nakumbuka pia siku niliyofika shuleni hapo, mdogo kuliko wote katika bweni, sanduku langu kichwani. Kila kitanda kilikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alinitazama. Mkubwa mmoja aliinuka, akasogeza vitu vyake vyote upande wa pili wa kitanda chake, akaniambia, "Weka sanduku lako hapa, mdogo wangu." Hakunipigania, wala hakuhubiri. Alisogeza vitu vyake tu, nami usiku ule nikalala.

Muhula ujao samaki wapya watafika katika chumba cha sayansi, na wanafunzi wapya watafika mabwenini. Nawaomba ninyi mliotangulia, msingoje kuona nani ana nguvu. Hamisheni mawe kabla hawajafika.

Wenu,
Mwanafunzi wa zamani,
Bujumbura