Nyumba Njema Si Mlango: Ndani ya Kifaru Kidogo

Iko sanaa moja ya mikono ambayo huku kwetu haijulikani sana, na walioisikia aghalabu huicheka. Ni sanaa ya kuunda vifaru vidogo vya vita, vile vya plastiki vinavyouzwa vipande vipande ndani ya kisanduku, mtu akavikata, akaviunga kwa gundi na kuvipaka rangi hata vikafanana na vifaru vya kweli. Huko Japani, Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, wanaokesha juu ya kazi hii. Na kati ya hao wako wachache zaidi ambao hawatosheki na umbo la nje. Hao hupaka rangi ndani: viti, redio, nyaya, saa za vipimo, risasi za mzinga zilizopangwa rafuni, hata vumbi la viatu sakafuni. Kisha wakimaliza, mnara hufunikwa juu yake, na kazi ya miezi ikazama gizani.

Watu huuliza: ni wazimu gani huu? Mimi nasema si wazimu. Nadai kwamba katika sanaa hii yote, ndani ndipo panaposema kweli juu ya vita, na mwenye kuunda kifaru kidogo bila ya kukitia ndani yake ameunda nusu tu, tena ile nusu inayodanganya. Hebu tulipime neno hili.

Wazee walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi watu wa pwani tulipaswa kulielewa jambo hili mbele ya wengine. Itazame nyumba ya mawe ya Lamu. Kwa nje ni ukuta mtupu, na mpita njia haoni kitu illa mlango. Ingia mpaka chumba cha ndani, ndipo utaona zidaka zilizopangwa safu juu ya safu, na chokaa iliyochongwa kwa subira. Fundi aliyefanya kazi ile hakumfanyia mpita njia. Alimfanyia atakayeishi humo.

Basi na turudi kwa vifaru. Mwanzoni hivi vidogo havikuwa na ndani kabisa, na sababu yake yafaa kuelezwa. Kampuni ya Tamiya, ya mji wa Shizuoka nchini Japani, ilipotoa kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilitaka kiende chenyewe kwa mota. Ukubwa wake ukachaguliwa ili mota na betri mbili zienee tumboni. Baadaye walipopima wakakuta kimekuwa kama moja kwa 35 ya kile cha kweli, na kipimo hicho kikashika hata leo, kikafuatwa na makampuni ya nchi nyingi. Kwa hiyo mahali ambapo katika kifaru cha kweli waliketi watu watano, katika kile cha mchezo ziliketi betri. Sina ubaya na Tamiya, kwani walikuwa wakiuza mchezo wa watoto. Lakini tazama maana yake: kifaru kikawa kitu kinachokwenda peke yake, hakina mtu.

Watoto wakakua, betri zikatolewa, na wakubwa wakaanza kutaka kweli. Miaka ya 1970 Mmarekani mmoja, marehemu Sheperd Paine wa Chicago, aliwafundisha wengi kwa karatasi zake za mafunzo ambazo kampuni ya Monogram ilizitia ndani ya visanduku vyake, na mwaka 1980 akatoa kitabu juu ya namna ya kupanga mandhari ndogo zenye kusimulia kisa. Siku hizi yako makampuni yanayotoa kifaru kamili na matumbo yake. Rye Field Model wametoa Tiger ya namna hiyo, na MiniArt wa mji wa Kyiv, Ukraine, wametoa T-54 na T-55 pamoja na kila kiti na kila kishikio chake.

Kazi yenyewe yataka moyo. Kwanza, rangi haingoji mpaka kitu kimekwisha kuungwa. Lazima fundi apake kipande kwa kipande, akijua mapema brashi itafika wapi na haitafika wapi. Kisha kuna makovu ya kiwandani, zile alama za mviringo zinazoachwa na vijiti vya mashine vinapoisukuma plastiki itoke katika kalibu. Viwanda huzificha upande wa ndani, maana vilidhani hapana atakayetazama. Fundi wa ndani huanza kwa kuziba na kupiga msasa makovu hayo, moja moja.

Ndipo ije rangi. Wajerumani walipaka sehemu za juu rangi ambayo kwa lugha yao jina lake ni pembe ya ndovu, na sehemu za chini wakaacha rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, nyekundu ya kahawia kama udongo wa bara. Waingereza na Wamarekani walipendelea nyeupe. Si kwa urembo. Ndani ya chuma kile hamna dirisha, mna vioo vidogo vya kuchungulia na taa hafifu, na rangi nyeupe huurudisha mwanga mchache uliopo. Lakini vifuniko vya juu, upande wao wa ndani, vilipakwa rangi ya nje. Kwa nini? Kwa sababu kifuniko kikifunguliwa weupe wake ungeonekana kutoka mbali, na mwenye kukifungua angekuwa shabaha. Fundi asiyelijua hili hupaka kila kitu nyeupe. Alijuaye husita na brashi yake mkononi, akamfikiria mtu yule aliyekuwa akitoa kichwa nje.

Baada ya hapo huzimua rangi ya mafuta ya hudhurungi kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi, akaipitisha pembezoni ili vivuli vitokee. Kwa kipande cha sifongo hugusagusa mahali palipokwaruzwa: ukingo wa tundu la kuingilia, kikanyagio cha dereva, sakafu chini ya miguu ya mpakiaji. Hapo ndipo sanaa ilipo. Hawezi kukwaruza ovyo. Lazima ajiulize mtu aliingia vipi, alishika wapi, alikanyaga wapi, mguu upi ulitangulia. Akisha kujiuliza hivyo kwa majuma kadhaa, hakitazami tena kifaru kama alivyokitazama mwanzo.

Nitatoa mfano. Katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, kusini mwa Uingereza, kipo kifaru cha Tiger chenye nambari 131. Kilitekwa Tunisia, nchi ya Waislamu wenzetu ambao ardhi yao ilifanywa uwanja wa vita vya wengine, mwezi wa Aprili 1943. Mnara wake ulikwama baada ya kupigwa, na waliokuwa ndani wakatoka wakakiacha. Kwa nje ni jabali: tani 57, mzinga wa milimita 88. Kwa nje utasema hakuna la kukitisha. Sasa kiunde kwa ndani, moja kwa 35. Upana wake wote ni kama sentimita kumi na nusu, na mtu wa kimo cha sentimita 175 huwa sentimita tano tu. Humo upange watu watano na mahali pa risasi za mzinga 92. Dereva mbele kushoto, mtu wa redio kulia kwake. Mpakiaji kulia kwa mzinga. Kushoto kwa mzinga mpiga mzinga, na nyuma yake kamanda, goti la huyu karibu na mgongo wa yule. Ukifika hapo utagundua jambo ambalo picha za sinema hazikukwambia: mpiga mzinga hana mlango wake. Moto ukiingia, hana budi kungoja kamanda atoke kwanza kwa tundu la juu. Kama kamanda ameuawa kitini, basi ameuziba mlango.

Je, umbo la nje litakufunza hilo? Haliwezi.

Ichukue na T-55, kifaru kilichopigana Mashariki ya Kati, na hapa Afrika Mashariki katika vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979. Kulia kwa dereva kuna tangi la mafuta lililotobolewa matundu, na katika matundu hayo hutiwa risasi za mzinga. Mafuta na baruti mahali pamoja, na ubavu wa mwanadamu kando yake. Aliyelipaka rangi tangi lile dogo, tundu baada ya tundu, hahitaji hotuba juu ya vita.

Na hapa Mombasa tuna letu la kukumbuka. Mwezi wa Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina, iliyokuwa ikija bandarini kwetu na vifaru 33 vya aina ya T-72. Iliachwa Februari 2009, ikafika, na vifaru vikateremshwa Kilindini. Mji mzima ukazungumza. Tulibishana ni vya nani, vinakwenda wapi, vina thamani gani. Sikusikia aliyeuliza ndani yake mna nini. Ndani ya T-72 huingia watu watatu. Hamna mpakiaji, mashine ndiyo inayopakia, na chakula cha mashine hiyo, risasi 22 pamoja na baruti zake, kimepangwa mviringo sakafuni, chini ya viti vya kamanda na mpiga mzinga. Tangu Februari 2022 dunia imeona picha za vifaru vya aina hii huko Ukraine, minara yao imerushwa mbali na viwiliwili. Wengine huzicheka picha zile. Aliyeunda ndani yake kwa mkono wake hacheki, kwa kuwa anajua ni nani walioketi juu ya duara lile.

Liko jambo jingine linalotugusa sisi hasa. Tuliopitia chuoni tulilelewa na hadhari ya sanamu za viumbe wenye roho. Wanazuoni wana maneno yao juu ya hilo, nami si mufti, siingii huko. Nitakalo kusema ni kuwa sanaa yetu ilijifunza kusema mengi bila ya sura ya mtu. Mlango wa nakshi hukwambia cheo cha mwenye nyumba, na hapana uso wa mtu uliochongwa juu yake. Wenye kuunda vifaru wengi hutia vijisanamu vya askari juu yake, wakidhani ndivyo watakavyoleta uhai. Lakini ndani ya kifaru kilichopakwa vizuri hamhitajiwi kijisanamu. Ngozi ya kiti iliyochakaa, blanketi lililokunjwa, kikombe cha bati kilichotundikwa karibu na redio: hivyo vyatosha. Mtu hayupo, na kwa kutokuwapo kwake unamwona zaidi.

Wapo watakaonambia: ewe bwana, hata hivyo ni kuwapendekezea vijana silaha. Hoja hii ni nzito na siipuuzi. Walakini kijana hapendezwi na silaha kwa kukijua kiti cha mpiga mzinga. Hupendezwa na umbo la nje, lile linalopita katika gwaride likiwa limeng'arishwa, lile linalovunja kuta katika sinema na kamwe halitoi mtu aliyeungua. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Atakayemfungulia mwanawe kifuniko na kumwonyesha, "Huyu alikaa hapa, na huyu hapa, na huyu hakuwa na mlango," hatakuwa amemtia mwana hamu ya vita.

Ila na mafundi wenyewe nina neno nao. Baadhi yao hufuata mchezo wa kuonyeshana ustadi, wakatia kutu na masizi mpaka ndani kukawa kama jaa la takataka, ilhali askari waliokuwamo walikitunza chombo chao kwa kuwa uhai wao ulikitegemea. Wengine hukiacha kikimeta kama kimetoka kiwandani asubuhi ile, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuingia. Wote wawili wamekosea, maana wote wamemsahau mwenye kukaa humo.

Na kosa kubwa kuliko yote ni kukifunga. Ninyi mliotumia miezi kuweka kila waya mahali pake, msigundishe mnara juu yake ukawa ndio mwisho. Uacheni uinuliwe kwa mkono. Au kateni ubavu mmoja, au tumieni vile vipande vya plastiki inayopenya mwanga ambavyo baadhi ya makampuni hutoa. Kisha mgeni akija akausifia mzinga na unene wa chuma, mfungulieni kifuniko, mumwonyeshe viti.